Kabureta ya CG125 inavuja petroli kwenye mpira wa chini: usiuzibe, na cheki oili kwanza

SWALI: "Shikamoo fundi. Nina Honda CG125 ya zamani niliachiwa na baba mdogo, naitumia kwenda kazini na wikiendi shambani. Ina kama miezi miwili kabureta inavuja petroli kwenye kile kimpira chembamba kinachoning'inia chini. Nikiwa natembea siioni sana ila nikipaki usiku asubuhi nakuta sakafu imelowa na nyumba yote inanuka, maana naipaki ndani kwa sababu ya wezi. Fundi wa kwanza aliigongagonga kwa bisibisi ikaacha siku chache ikarudi. Wa pili kasema kabureta imekufa ninunue mpya. Jirani akaniambia nikunje kile kimpira nikifunge na waya, nimefanya hivyo na kweli chini hapalowi tena, ila sasa asubuhi inasumbua kuwaka, inatoa moshi mweusi, na juzi nimecheki oili nikaikuta imepanda kuliko nilivyoweka. Oili inaweza kuongezeka yenyewe? Na je ninunue kabureta au hii inatengenezeka?"

Marahaba ndugu yangu. Kabla hujaendelea kusoma nenda kafanye haya: funga koki ya tanki, yaani igeuze iwe OFF, halafu fungua huo waya uuachie mpira. Na usiiwashe tena hiyo pikipiki mpaka umemwaga oili iliyomo na kuweka mpya. Ukimaliza rudi tuongee taratibu, maana kabureta yako huenda ni tatizo dogo kabisa ila kilichoingia kwenye oili sio kidogo.

Oili haiongezeki yenyewe. Kilichopanda humo ndani ni petroli. Ile petroli iliyokuwa inamwagika sakafuni haijaacha kuvuja, umeifungia njia ya nje ikatafuta njia nyingine, na njia nyingine iliyobaki ni kuingia kwenye injini.

Ngoja nikueleze inavyokuwa. CG125 haina pampu ya petroli, petroli inashuka yenyewe kwa uzito wake kutoka tanki, inapita koki, inaingia kwenye kabureta na kukaa kwenye bakuli la chini. Humo kwenye bakuli kuna boya, kazi yake ni ileile ya boya la tanki la maji la nyumbani, likipanda linafunga, likishuka linafungua. Boya linasukuma kisindano kidogo chenye ncha ya mpira, kinaenda kukaa kwenye tundu la shaba ambalo mafundi tunaliita siti. (Usichanganye na ile sindano ndefu inayopanda na kushuka ukivuta moto, yaani ukizungusha mkono wa mafuta, hiyo ni nyingine na haihusiki hapa.) Kisindano kikikaa vizuri kwenye siti petroli inasimama. Kisipokaa vizuri, hata kwa upenyo mdogo kiasi gani, petroli inaendelea kushuka tone kwa tone usiku kucha maana tanki lipo juu na halichoki.

Sasa waliotengeneza kabureta walijua ipo siku kisindano kitashindwa, ndiyo maana ndani ya bakuli wakaweka kibomba kilichosimama wima, petroli ikizidi kiwango inaingia kwenye kile kibomba na kutoka chini kupitia huo mpira uliouona. Huo mpira ni mlinzi. Ukiuziba petroli inapanda mpaka inatokea kwenye koo la kabureta, hapo kulingana na pikipiki ilivyolala kwenye stendi, petroli nyingine inaelekea kwenye eakilina (kichujio cha hewa) na nyingine inaingia kwenye mlango wa injini, ikikuta vali imefunguka inashuka kwenye silinda, inapenya kwenye ringi za pistoni na kuishia kwenye oili. Asubuhi ukipiga kiki injini imejaa petroli, plagi imelowa, ndiyo sababu inasumbua kuwaka na ikiwaka inatoa moshi mweusi.

Jirani yako alikuwa na nia njema tu, na hii ya kukunja mpira nakutana nayo sana vijiweni. Lakini oili iliyochanganyika na petroli inakuwa nyepesi, haishiki tena kwenye chuma, na CG inabeba oili kidogo, kama lita moja hivi, hiyohiyo moja inalainisha pistoni, gia na klachi kwa pamoja. Kwa hiyo nusu glasi ya petroli humo sio jambo la kupuuzia. Na kuna jingine baya zaidi: petroli ikijaa juu ya pistoni ukapiga kiki kwa nguvu, kimiminika hakibanwi kama hewa, kiki inagoma ghafla na unaweza kupinda konrodi, kile chuma kinachoshika pistoni. Siku ukikuta kiki imegoma hivyo usiipigie kwa hasira.

Kuhusu oili fanya hivi. Chomoa kijiti cha kupimia, nusa, kama kinanuka petroli na oili inadondoka kama maji badala ya kuvutika, mwaga yote. Usimwage chini, weka kwenye dumu peleka gereji wanapokusanya oili chafu. Usiweke mpya mpaka kabureta ipone, au kama lazima uweke basi hakikisha koki ipo OFF muda wote. Kama unahisi silinda imejaa, toa plagi, zima swichi kabisa, kile kifuniko cha plagi kiweke mbali na tundu (cheche moja tu ikikutana na mvuke unaorushwa pale unaungua uso), halafu piga kiki polepole mara kadhaa ili petroli itoke. Haya yote nje, sio ukumbini.

Na hapo kwenye ukumbi niseme ukweli hata kama hujauliza. Petroli inatoa mvuke unaoweza kuwaka hata kwenye baridi kali ya chini ya sifuri, sembuse joto letu. Huo mvuke ni mzito kuliko hewa, haupandi dirishani, unatambaa sakafuni kama maji mpaka unakutana na jiko la mkaa, gesi, mshumaa au swichi ya friji chumba cha pili, na moto unarudi kwa njia ileile mpaka kwenye pikipiki. Naelewa wizi ulivyo, sikwambii uiache barabarani. Lakini mpaka uhakikishe haivuji tena, ipaki uani ufunge mnyororo, au kama hakuna uani basi koki imefungwa, bakuli umelimwaga nje kwanza, na watoto hawalali chumba hicho. Kusikia harufu ya petroli ndani ya nyumba unayolala isiwe kitu cha kuzoea.

Twende kwenye ugonjwa wenyewe. Aliyeigonga na bisibisi hakukosea, kugonga kidogo kwa mpini ni kipimo kizuri tu, boya likiwa limekwama au takataka imekaa kwenye siti inajitikisa na kuvuja kunaacha. Sasa kama imeacha ikarudi, jibu lake lilishapatikana siku ileile, kwamba ndani kuna uchafu au kisindano kimechoka, ilibaki kufungua. Wanaoishia kwenye kugonga wanakuacha na tatizo, na wanaogonga kwa nyundo wanapasua bakuli maana ile ni chuma laini.

Kabla ya kufungua chochote hakikisha kwanza inavuja wapi, maana petroli inatambaa na inakudanganya. Simamisha pikipiki kwa dabo stendi (ile stendi ya katikati) nje kwenye mwanga, injini ikiwa baridi, pangusa kabureta yote mpaka ikauke, weka karatasi nyeupe chini, fungua koki, tulia uangalie. Unatafuta sehemu ya juu kabisa yenye unyevu, sio pale linapodondokea tone. Kama ni kwenye mpira wa petroli unapoingilia kabureta, huo mpira umekauka na kupasuka, badilisha na klipu zake basi umemaliza. Kama ni kwenye mshono wa bakuli, pale linapoungana na mwili wa kabureta, ni ile oringi (pete ya mpira ya kuzuia uvujaji) imekufa au skrubu zimelegea. Kwako wewe inatoka kwenye mpira wa chini, na hapo wengi wanarukia kisindano moja kwa moja, ila kuna sababu tatu zinazotokea kwenye mpira huohuo. Skrubu ya kumwagia petroli iliyopo chini ya bakuli inaweza kuwa haijakaza au imeliwa, na yenyewe inatolea kwenye tundu lilelile. Kile kibomba cha wima ndani ya bakuli kinaweza kuwa na ufa. Au kweli petroli inazidi kiwango.

Kuzitofautisha sio kazi. Anza na skrubu, ikaze taratibu kwa bisibisi inayoienea, usiitese maana nyuzi zake ni laini. Bado inavuja? Tafuta mpira msafi unaoona ndani, kama ule wa dripu, chomeka kwenye tundu la chini badala ya ule wa kawaida, mwisho wake ushikilie juu ubavuni mwa kabureta, fungua koki halafu legeza ile skrubu ya kumwagia. Petroli itapanda kwenye mpira na kusimama sawasawa na ilivyo ndani ya bakuli. Ikisimama milimita chache chini ya mshono wa bakuli, kiwango chako kipo sawa, basi shuku ufa wa kibomba. Ikiendelea kupanda ikapita mshono na haisimami, hapo ndiyo ni boya, kisindano au siti. Kwa dalili ulizonieleza za moshi na oili naamini ni hii ya pili, ila pima, kipimo chenyewe ni cha dakika chache na kinakuokolea hela.

Haya, kufungua. Nje, hakuna sigara, hakuna jiko karibu, ndoo ya mchanga pembeni. Funga koki na kwanza hakikisha yenyewe inafunga kweli, chomoa mpira wa petroli kwenye kabureta uuangalie, ukiendelea kudondosha na koki ipo OFF basi na kile kiraba cha ndani ya koki kimechoka, utakibadilisha nacho. Mwaga petroli ya bakuli kwenye chupa ya kioo na uiangalie kwenye mwanga, hapa ndipo pikipiki inakwambia inaumwa nini. Vumbi jekundu ni kutu ya tanki. Vitone vinavyokaa chini bila kuchanganyika ni maji, maana maji ni mazito kuliko petroli. Kama huwa unajaza ya kwenye chupa za njiani, usishangae ukakuta vyote.

Toa kabureta, fungua skrubu za bakuli kwa bisibisi ya nyota inayojaa vizuri kwenye kichwa cha skrubu huku unakandamiza kwa nguvu, ukitumia iliyochoka utazikwangua na hapo kazi ya nusu saa inageuka ya siku nzima. Boya linashikiliwa na pini nyembamba inayopita kwenye masikio mawili. Pini isukume kwa upole, ikigoma usiipige nyundo kabisa, jaribu upande wa pili, maana sikio likivunjika kabureta ndiyo imekufa kweli sasa. Ukilitoa boya kisindano kinatoka nalo.

Kiangalie kisindano ncha yake kwenye mwanga, pitisha ukucha. Ukiona au ukihisi alama ya mviringo kama pete iliyochimbika, hicho ndicho chanzo, hakihitaji maelezo mengine. Ncha ikiwa ngumu kama plastiki nayo imeisha. Lile boya litikise sikioni, ukisikia petroli inacheza ndani limetoboka na limezama, haliwezi kusukuma. Kama husikii kitu lizamishe kwenye maji ya moto sana (jiko liwe mbali, chemsha ndani ulete nje), hewa ya ndani itapanuka na penye tundu patatoa mapovu. Boya la plastiki lililotoboka badilisha tu, gundi haidumu kwenye petroli. Siti nayo isafishe kwa pamba kwenye kijiti na dawa kidogo ya kung'arishia shaba, zungusha taratibu, osha kwa petroli, ishie hapo. Msasa hapana, waya hapana, sindano ya kushonea hapana. Kwenye nyingi za hizi siti imeshindiliwa kwenye mwili wa kabureta haitoki, ukiikwangua huna pa kurudi.

Ukinunua kisindano kipya nenda na cha zamani mkononi ukavilinganishe, urefu na unene. Hili watu wanalidharau na ndilo linalofanya waseme kit (seti ya spea za kabureta) ni feki wakati wamepewa ya kabureta nyingine. Kisindano kikiwa kifupi boya litachelewa kufunga na petroli itapanda kuliko inavyotakiwa, kikiwa kirefu litafunga mapema na pikipiki itakosa petroli kwenye mlima. Na oringi ya bakuli isiwe ya kukata kwenye tyubu ya tairi, ule mpira ukikutana na petroli unavimba na kuoza, nunua iliyotengenezwa kwa ajili ya petroli. Ukikuta oringi yako yenyewe nzima ila imevimba haiingii kwenye mfereji wake, iache juani ikauke, mara nyingi inarudi.

Kabla ya kurudisha bakuli pima kazi yako. Chomeka mpira msafi kwenye mlango wa petroli, geuza kabureta kichwa chini ili boya lenyewe lilalie kisindano, sukuma hewa kwa bomba kubwa la sindano la duka la dawa. Isipite hata kidogo. Igeuze sawa, ipite. Nakwambia bomba la sindano kwa sababu najua wengi wanapuliza kwa mdomo, na petroli ikiingia mapafuni hata kidogo inaumiza vibaya. Halafu lile bakuli tupu lijaze petroli mpaka karibu na mdomo wa kile kibomba, lisimamishe juu ya karatasi kavu usubiri kidogo. Karatasi ikilowa kibomba kina ufa. Fundi anayejua kuchomea kwa risasi anaweza kukiziba, na kama hayupo tafuta bakuli lingine.

Kama boya lako lina ulimi wa chuma unaweza kurekebisha kiwango kwa kuupinda kidogo sana, lakini nakushauri usiuguse kama hakuna aliyewahi kuupinda. Kisindano kipya na siti safi vinatosha mara nyingi. La plastiki tupu halirekebishiki, usijaribu.

Kuhusu dawa za vijiweni. Sabuni ya kipande ukiipaka kwenye ufa wa nje inazuia petroli kweli, haiyeyuki haraka, inakufikisha nyumbani, na mwisho wake ni hapo. Silikoni ya gasketi kwenye mshono wa bakuli usikubali, petroli inaivimbisha, vipande vinakatika na kuziba jeti (vile vitundu vidogo vya kupitisha petroli), utakuja kuniuliza kwa nini pikipiki inakosa nguvu. Na kukaza kupita kiasi hakujawahi kuponya oringi iliyokufa, kunapinda bakuli tu.

Sasa swali lako la kununua mpya. Mimi kwako ningetengeneza kwanza, na sababu yangu ni hii. CG125 ilitoka 1976, Honda walimtengenezea mtu wa nchi kama zetu ambaye hana gereji kubwa, na viwanda vingi vya China vikaja kuiga injini hiyo, kwa hiyo spea zake na kabureta za kufanana nazo zimejaa madukani na ni bei nafuu. Huo unafuu ndio unawafanya mafundi wakimbilie kubadilisha. Ila kabureta za kuiga hazilingani, jeti unayoikuta ndani inaweza isiwe namba ya injini yako, pikipiki ikanywa sana au ikachemka, na sailensa, yaani mzunguko wa injini ukiwa hujavuta moto, ikasumbua. Kabureta yako ya zamani kama mwili wake mzima ni bora kuliko nyingi za kuiga. Nunua nyingine pale tu siti imeliwa, sikio la pini limevunjika, nyuzi za skrubu zimeisha, au mlango wa slaidi (kile kipande kinachopanda na kushuka ukivuta moto) umelegea kiasi kwamba slaidi inacheza. Na ukinunua usitupe ya zamani, soma namba ya jeti yako kubwa uilinganishe na ya mpya, na ikiwezekana hamishia yako.

Kama kwenye chupa uliona kutu, basi kila nilichosema ni cha muda mpaka usafishe tanki, maana kutu mpya itashuka na kukaa kwenye siti palepale. Toa koki, angalia kile kichujio cha wavu kinachoingia ndani ya tanki, mara nyingi kimetoboka au hakipo kabisa. Weka na filta ndogo kwenye mpira wa petroli, mshale wake uelekee kwenye kabureta. Kuchomelea tanki usijaribu wala usimruhusu fundi asiye na uzoefu wa kazi hiyo, tanki tupu lenye mvuke ni hatari kuliko lililojaa.

Ipeleke kwa fundi, usijifanyie mwenyewe, kama kiki imegoma, kama injini imeanza kugonga baada ya kutembea na ile oili nyepesi, kama pini ya boya haitoki, au kama umebadilisha kisindano na boya na bado petroli inapita mshono kwenye kile kipimo cha mpira. Mchague anayekuuliza habari za oili kabla ya kukutajia bei ya kabureta, na mwambie mapema kwamba spea za zamani unazitaka mkononi.

Ukisharudisha kila kitu, weka oili mpya, achia mpira wa chini ushuke bila kukunjwa wala kuziba matope, fungua koki na uiache imesimama kwa dabo stendi nje nusu saa bila kuwasha, karatasi nyeupe chini. Ikibaki kavu, washa, acha ipate moto, rekebisha sailensa. Kila unapopaki funga koki, na wiki ya kwanza chomoa kijiti cha oili kila asubuhi kabla ya kiki uangalie na kunusa. Oili ikipanda tena hata kidogo niandikie na uniambie ule mpira wa kupimia ulisimama wapi, tutaanzia hapo.